OpenStreetMap mkononi mwa mkazi wa Dar es Salaam: inajua vichochoro kuliko majina

Ukimwuliza mkazi wa Manzese njia ya kwenda kwa fundi cherehani wake, hatakutajia jina la barabara wala namba ya nyumba, ingawa vibao vya namba vimebandikwa milangoni tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Atakwambia ushuke Tip Top, uvuke barabara, ushike kichochoro kinachoanzia ubavuni mwa mashine ya kusaga, upite mtaro, kisha ukiuona mwarobaini uulize. Kwa miaka sita nimekuwa nikitumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida kupitia intaneti, na kwa mitano kati ya hiyo nimekuwa pia nikiihariri, hasa katika mitaa ya namna hiyo. Ninayeandika hapa si mtaalamu wa jiografia. Ni mtu anayekwenda kwa miguu, kwa daladala na kwa bodaboda. Nitaeleza kwa nini sijapata kuwa na ramani nyingine ya njia za uswahilini inayoifikia hii, na kwa nini hata hivyo bado inashindwa kuyaelewa maelekezo ya mkazi yule.

Ramani hii ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na hadi leo yeyote mwenye barua pepe anaweza kufungua akaunti na kuanza kuihariri. Waliojiandikisha wamekwisha kupita milioni 10, ingawa wanaohariri kwa kweli ni sehemu ndogo tu ya hao. Tofauti yake kubwa na ramani za makampuni haionekani kwa macho. Katika ramani za makampuni mtumiaji huonyeshwa picha, lakini takwimu zilizoizalisha picha hiyo hubaki mali ya kampuni. Huku takwimu zenyewe ni za kuchukua: unaweza kupakua Tanzania nzima, kila barabara, kila kisima na kila zahanati iliyokwisha kuingizwa, ukaitengenezea ramani yako au programu yako bila kulipa hata senti, mradi utaje chanzo na, ukiiboresha hazina hiyo na kuitoa kwa umma, uitoe kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana hakuna programu moja ya kuitathmini. Ni hazina moja yenye milango mingi, na mtumiaji huchagua mlango.

Milango niliyoizoea ni miwili, Organic Maps na OsmAnd. Ya kwanza ni nyepesi, haina matangazo, na hata simu ya bei nafuu huibeba bila kulalamika. Ya pili ina kila kitu ambacho mtu angeweza kukitamani, na pengine hapo ndipo penye kasoro yake, kwa sababu menyu zake ni pori. Niliitumia mwezi mzima kabla ya kugundua namna ya kuzima mistari ya miinuko. Zote mbili hupakuliwa ramani mara moja, mimi hupakua kwa bando la usiku, na baada ya hapo hufanya kazi bila mtandao kabisa. Kwa mtu ambaye bando lake huisha katikati ya safari, jambo hili peke yake linatosha kuzihalalisha.

Jaribio langu la kawaida kwa ramani yoyote mpya ni kuiomba inipeleke kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Manzese hadi Tandale kwa Mtogole. Ramani ya kampuni ninayoitumia kazini hunipeleka kwa barabara pana, kana kwamba mimi ni gari, na kunizungusha kwenye jua bila sababu. Organic Maps hunipitisha ndani kwa ndani: hapa unakata kushoto baada ya msikiti, pale unapita nyuma ya shule, mbele unavuka mfereji kwenye kivuko cha zege. Mara mbili hivi katika safari ya namna hiyo nimekuta kichochoro kimezibwa na ukuta mpya au kimegeuka sehemu ya ua wa mtu, lakini mara nyingine zote njia ilikuwepo kama ilivyochorwa.

Usahihi huo una watu nyuma yake. Mwaka 2009, wakati Kibera ya Nairobi ilikuwa doa tupu katika ramani nyingi, vijana wa pale walianza kuichora wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wakaichora Tandale, na mwaka 2015 ukaja mradi mkubwa zaidi wa Ramani Huria, uliowaingiza wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Walipita mitaani na karatasi, simu na vifaa vya GPS, wakiandika mtaro huu una kina gani, kalavati lile limeziba au la, maji hufika wapi mvua ikinyesha kubwa. Aliyeyaona mafuriko ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2011 hahitaji kuelezwa kwa nini mtaro ulitangulia mgahawa katika ramani ya jiji hili. Zanzibar ilifuata njia nyingine: kuanzia mwaka 2016 visiwa vilipigwa picha kwa droni, na picha hizo zikawa msingi mzuri wa kuchorea nyumba. Kwa sababu hiyo ubora wa ramani haulingani. Kata iliyopitiwa na wanafunzi ina vizimba vya taka na vyoo vya umma. Kata jirani ambayo haikupitiwa ina barabara tatu na ukimya. Huko vijijini tofauti ni kubwa zaidi, kwani watu wa kujitolea wa nchi za mbali huchora nyumba kwa kutazama picha za setilaiti, na unaweza kukuta kijiji chenye kila paa mahali pake lakini hakina jina hata moja. Paa huonekana kutoka angani. Jina mpaka uulize.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro kuu ya ramani hii kwa mtumiaji wa kwetu. Kisanduku cha kutafutia kinataka jina kama lilivyoandikwa na mhariri, si kama linavyotamkwa na kondakta. Majina yetu ya mahali ni ya kusimulia: Sinza Kwa Remmy, Mwananyamala Kwa Kopa, Magomeni Mapipa. Mhariri mmoja huandika neno «kwa», mwingine huliacha, wa tatu hutanguliza jina la kata, na mtafutaji asiyebahatisha mpangilio uleule huambiwa kwamba mahali hapo hapapo. Dawa imo ndani ya mfumo wenyewe, kwa kuwa kila kitu kinaruhusiwa kubeba majina kadhaa kwa lebo tofauti: jina rasmi, jina mbadala, jina la zamani, jina la wenyeji. Barabara ya Mwai Kibaki, kwa mfano, inapaswa kubeba pia jina la Old Bagamoyo, kwa sababu nusu ya jiji bado inaiita hivyo. Lakini lebo hizo hujazwa na wachache. Kwa upande wa maduka na ofisi, ramani za makampuni zimetuacha mbali, maana wenye biashara hujiandikisha huko wenyewe, wakaweka picha na namba za simu. Nikimtafuta fundi wa friji, siji huku. Nikiitafuta njia ya kumfikia, nakuja.

Sasa kuhusu kuhariri. Kihariri cha iD hufunguka ndani ya kivinjari cha kompyuta, na baada ya somo fupi la utangulizi mtu huanza kuchora juu ya picha ya setilaiti. Vitu vyote ni vya aina tatu tu: nukta, mistari, na mahusiano yanayoviunganisha vitu kama vile njia nzima ya daladala. Kila kimoja hupewa lebo za jozi, ufunguo na thamani, na lebo hizo ni za Kiingereza cha Waingereza hata kama kurasa zenyewe umeziweka katika lugha nyingine. Mgeni hushangaa kidogo. Ufunguo wa kila njia, kuanzia barabara ya Morogoro yenye njia za mwendokasi hadi kichochoro ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani, ni «highway». Kwa hiyo njia ya kwenda chooni kwa jirani, ukiichora, nayo itaingia dunia nzima kama aina ya barabara kuu. Ukiizoea thamani inayofuata baada ya ufunguo huo, mambo hunyooka.

Kazi yenyewe ina ugumu usioandikwa katika maelekezo. Uswahilini mapaa ya mabati hugusana, na kichochoro chote hufichwa chini ya penu za nyumba mbili. Kutoka angani huonekana nyumba moja kubwa. Nimevunjavunja majengo mengi ya namna hiyo, jengo moja la ajabu likawa nyumba tatu na njia katikati. Simu nayo, ukiwa umebanwa baina ya kuta, hukwambia kuwa iko sawa kwa mita tano, kumbe imekuweka sebuleni kwa mtu. Tena picha za setilaiti zenyewe hutofautiana kwa mita kadhaa kutoka mtoaji mmoja hadi mwingine, na kosa la kwanza la mhariri mpya ni kuihamisha mitaa mizima ifuate picha aliyoifungua siku hiyo. Linganisha kwanza na nyayo za GPS zilizokwisha kupakiwa na watu waliopita barabara zile, ndipo uguse kitu. Wala usinakili jina lolote kutoka ramani ya kampuni, hata ukiwa na hakika nalo, kwani leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa.

Kwa asiyetaka kuchora, programu ya StreetComplete ya simu za Android ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Unatembea, nayo inakuuliza maswali kuhusu vilivyo mbele yako: barabara hii ni ya lami au ya vumbi, nyumba hii ina ghorofa ngapi, duka hili hufunguliwa saa ngapi. Jibu hutumwa kwenye ramani bila wewe kuiona lebo yoyote. Ila hapo penye saa pana mtego ambao waliotengeneza programu hawakuweza kuujua. Niliwahi kukuta duka la dawa ambalo, kwa mujibu wa ramani, lilikuwa likifunguliwa saa 02:00 na kufungwa saa 04:00. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipokwenda. Muuzaji alisema kama ambavyo sote tungesema: nafungua saa mbili, nafunga saa nne. Aliyeingiza jibu aliandika alichosikia, na programu, isiyojua kuwa siku yetu huanza jua linapochomoza, ikaihesabu saa mbili kutoka usiku wa manane. Nilisahihisha kuwa 08:00 hadi 22:00, na tangu siku ile nimekwisha kukutana na kosa hilo katika mitaa mitatu tofauti. Yeyote anayesimamia wahariri wapya wa Kiswahili alifanye kuwa somo la kwanza.

Duka hilohilo lina mgogoro mwingine. Lilikuwa limewekewa lebo ya famasi, ilhali ni duka la dawa muhimu, lisiloruhusiwa kuuza kila dawa na lisilo na mfamasia. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari akifuata ramani, anaweza kurudi mikono mitupu. Orodha ya lebo ilizaliwa Ulaya na haikuwa na nafasi ya duka la namna hiyo. Sisi hulazimika kuongeza lebo ya kueleza kuwa dawa za cheti hazitolewi, nayo haionekani katika programu nyingi. Kwa wakala wa pesa za simu na kwa kijiwe cha bodaboda lebo za pekee zimekwisha kupatikana. Kwa mama lishe bado sijaridhika. Sufuria nne chini ya mwembe, zipo saa sita mchana na hazipo saa kumi: ni mgahawa? Wahariri wenzangu wengine huweka, mimi huacha, isipokuwa pale ambapo kibanda kimeezekwa.

Kwa kuwa kila mtu anaweza kugusa kila kitu, migongano haikosekani. Mwaka juzi kivuko cha mbao nilichokichora juu ya mtaro ulio nyuma ya mtaa wetu kiligeuzwa na mhariri wa mbali kuwa barabara ya magari. Ameona mstari umekatika pande mbili za maji, akauunganisha, basi. Siku chache baadaye dereva wa bajaji alikuwa amesimama mbele ya mbao mbili na kamba, simu mkononi, akimwuliza abiria wake kama ni kweli. Ramani huhifadhi historia ya kila kitu: nani alibadilisha, lini, na kwa maelezo gani. Nilimwandikia mhariri yule chini ya fungu lake la mabadiliko, nikamweleza upana wa kivuko, naye akajibu siku ileile, akaomba radhi na kurekebisha. Si wote hujibu. Asipojibu mtu na uharibifu ukiendelea, kuna kikundi kazi cha wakfu wa OpenStreetMap kinachoweza kumzuia, lakini mimi sijawahi kufika huko.

Jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza ni namna mtu mwenye simu anayetazama kuta za watu anavyoonekana. Baada ya bomoabomoa za bondeni, ambapo alama nyekundu ya X ukutani ilikuwa na maana moja tu, hakuna anayemwona mpimaji kwa jicho jepesi. Asubuhi moja nilikuwa nikihesabu vibao vya namba, akatoka mama mmoja mtu mzima na ufagio mkononi.

«Shikamoo mama.»

«Marahaba. Mnatupimia tena, mwanangu?»

Nilimwonyesha ramani kwenye simu, nikamwonyesha nyumba yake na kisima cha jirani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kisima kile kilifukiwa tangu mwaka jana, na kwamba njia niliyoiandika kuwa inapenya haipenyi, inaishia kwa mjumbe. Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Tangu hapo sianzi mtaa mpya kabla ya kupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa mjumbe kujieleza, na mara nyingi mjumbe hutembea nami, jambo linalonipa majina mengi zaidi katika saa moja kuliko ambavyo ningepata kwa wiki nzima peke yangu. Jina la mwenye nyumba siliingizi kamwe, hata nikipewa. Kituo kikiitwa «kwa fulani» na daladala zote, hilo ni jina la mahali. Nyumba ya fulani ni faragha yake.

Yapo mengine ya kusema kwa ufupi. Foleni za barabarani huzioni humu, kwa hiyo jioni ya Ijumaa makadirio ya muda wa safari kwa gari ni ya kuchekesha. Tathmini za wateja wa migahawa hazipo. Masahihisho huonekana kwenye tovuti yenyewe ndani ya dakika chache, lakini katika programu za simu unasubiri hadi ramani mpya itolewe, na katika Organic Maps kusubiri huko kumewahi kunifikisha wiki kadhaa. Anayehariri kwa ajili ya kuona jina lake likifanya kazi papo hapo atachoka. Kwa asiye na kompyuta, programu ya Vespucci hukupa karibu kila kitu ndani ya simu, ila vidole vinene na nukta ndogo havipatani.

Nikilazimika kutoa alama, kwa njia za miguu katika kata zilizochorwa mitaani naipa tisa katika kumi. Kwa kutafuta mahali kwa jina naipa nne, na moja kati ya hizo nne ni ya huruma. Kwa kuhariri naipa nane, kwa sababu ni ramani pekee ambayo kosa nililoliona saa tatu asubuhi nimeliondoa saa tatu na robo, nikiwa bado nimesimama mahali penyewe.

Kile kivuko cha mbao kimechukuliwa na maji ya masika iliyopita. Nilikifuta jioni ileile, nikaacha dokezo kwenye ramani kuwa njia imekatika, na kwa sasa Organic Maps inatuzungusha wote hadi kwenye kalavati la juu, dakika kumi na moja zaidi kwa anayekwenda sokoni. Mjumbe anasema mbao zimekwisha kuchangiwa, kilichobaki ni fundi.